Saba Saba ni Siku ya Nani?

Kila mwaka, Julai inapoingia, walimu wa Kiswahili katika shule zetu hushikwa na shughuli. Wanafunzi hukaririshwa mashairi, ngonjera hutungwa, mabango hupakwa rangi na mgeni wa heshima hutafutwa, kwa kuwa tarehe 7 ni Siku ya Kiswahili Duniani. Katika juma lilo hilo, wauzaji wa Soko la Toi, pale Kibera inapopakana na Woodley na Adams Arcade, nao huwa na matayarisho yao. Aliyenuia kufungua robota jipya la viatu huliacha lilivyo mpaka siku ile ipite. Mwenye nguo za "kamera", yaani zile bora zinazochaguliwa kwanza robota linapokatwa kamba, huzihamishia nyumbani badala ya kuzifungia kibandani. Mama mboga hupunguza sukumawiki anayonunua alfajiri. Wao pia wanaingoja tarehe 7, ila kwao siku hiyo haina mgeni wa heshima, na wala hawaiiti Siku ya Kiswahili. Wanaiita Saba Saba.

Mimi ni mtu wa isimu. Ninapoona siku moja ina majina mawili, na wanaotumia jina moja hawataki kulisikia la pili, huingiwa na shaka kwamba kuna jambo linalofichwa. Ndilo ninalotaka kulijadili na walimu wenzangu pamoja na wanafunzi wao.

Tuanze na rekodi rasmi. Mnamo Julai 7, 1954, jijini Dar es Salaam, chama cha TANU kiliundwa kutokana na chama cha awali cha TAA, na Mwalimu Julius Nyerere akawa rais wake. Chama hicho kilikifanya Kiswahili kuwa chombo cha kuwaunganisha watu wa makabila zaidi ya mia moja katika kudai uhuru. Mnamo Julai 7, 2000, Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliokuwa umetiwa sahihi Arusha Novemba 30, 1999, ulianza kutumika, na jumuiya iliyovunjika mwaka wa 1977 ikafufuka. Kisha, Novemba 23, 2021, Mkutano Mkuu wa 41 wa UNESCO uliokutana Paris ukaitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Sherehe za kwanza zilifanyika mwaka wa 2022. Haya ndiyo yanayosomwa katika hotuba za siku hiyo, na yote ni kweli.

Hotuba hizo, hasa zinazotolewa upande huu wa Namanga, aghalabu huruka kutoka 1954 hadi 2000 kana kwamba katikati hapakutokea lolote. Mkenya aliyekuwa na umri wa kutembea mwaka wa 1990 anajua kwamba lilitokea.

Lakini kabla ya kufika huko, hebu tulitazame jina lenyewe. Katika sarufi ya Kiswahili, kurudia namba kuna kazi maalumu: ni kugawa. Ukisema "wape maembe saba saba," maana yake kila mmoja apate saba. Hii ndiyo sarufi ya sokoni. Pita Toi siku ya Jumamosi usikie sauti zinavyopaa juu ya meza za mitumba, "Hamsini hamsini! Mia mia!" na hakuna mteja anayehitaji kuelezwa kwamba bei ni shilingi hamsini kwa kila nguo. Saba Saba ya tarehe haikuzaliwa kwa kanuni hiyo. Ni ufupisho tu wa "tarehe saba, mwezi wa saba". Hata hivyo, sadfa hiyo inanipendeza, kwa sababu siku hii imegawanywa kwelikweli, na kila aliyepata fungu lake amedhani amepewa siku nzima.

Jina hili limetembea sana. Tanzania ni jina la serikali: ni sikukuu ya taifa iliyoanza kama siku ya TANU, na baada ya TANU na Afro-Shirazi kuungana kuwa CCM mwaka wa 1977, ikazidi kujulikana kwa maonyesho ya biashara. Mkazi wa Dar es Salaam akikwambia anakwenda Sabasaba, hana habari na maandamano. Anakwenda kutazama bidhaa katika viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa. Tarehe imekuwa mahali. Uganda nako, wakati wa vita vya 1978 na 1979, "Saba Saba" lilikuwa jina la makombora ya jeshi la Tanzania yaliyorushwa mfululizo na kuwatia kiwewe askari wa Idi Amin, na wapo wazee mpaka leo ambao kwao neno hilo ni mvumo wa silaha. Kenya ikapata Saba Saba yake mwaka wa 1990. Basi neno moja, katika nchi tatu jirani zinazodai kusema lugha moja, ni sikukuu huku, kombora kule, na kwetu ni madai. Mwanafunzi akiniuliza muktadha una kazi gani katika maana, huu ndio mfano ninaompa.

Wala si sisi peke yetu tulioifanyia tarehe hiyo hivyo. Wachina huyaita mapambano ya Julai 7, 1937, karibu na Daraja la Marco Polo, yaliyofungua vita kamili baina yao na Japani, kwa jina ambalo ukilifasiri ni "Tukio la Saba Saba". Waingereza nao husema "saba-saba" kwa lugha yao wanapokumbuka mashambulizi ya mabomu ya Julai 7, 2005, yaliyowaua watu 52 jijini London. Siku ambayo namba yake na ya mwezi wake ni moja ina faida hii, kwamba haiwezi kusomwa kinyume. Mmarekani akiandika 9/11, sisi kwa kawaida yetu ya kutanguliza siku tungeisoma Novemba 9. Saba ikirudiwa haina mbele wala nyuma.

Sasa turejee Nairobi. Mnamo Mei 3, 1990, Kenneth Matiba na Charles Rubia, waliokuwa mawaziri hapo awali, walijitokeza mbele ya waandishi wa habari wakataka mfumo wa chama kimoja ukomeshwe. Mwezi huohuo wa Mei, wakuu wa jiji walibomoa mtaa wa mabanda wa Muoroto, karibu na kituo cha mabasi ya mashambani cha Machakos, na wakazi pamoja na wachuuzi wakapambana na askari. Mambo haya mawili hutajwa mbalimbali katika vitabu, la kwanza chini ya siasa na la pili chini ya makazi, lakini watu wa vibanda hawakuyatenganisha. Mkutano wa kudai vyama vingi ulipangwa kufanyika katika uwanja wa Kamukunji siku ya Jumamosi, Julai 7. Matiba na Rubia walitiwa kizuizini Julai 4, na mkutano ukapigwa marufuku. Watu walikwenda hata hivyo. Polisi waliwatawanya kwa gesi ya kutoa machozi na risasi, na ghasia zikaendelea kwa siku kadhaa jijini na katika miji mingine. Watu wasiopungua 20 waliuawa, na zaidi ya 1,000 wakakamatwa.

Kilichokuwa kikipingwa kilikuwa Kifungu cha 2A cha Katiba, kilichotiwa humo Juni 1982 na kuifanya KANU kuwa chama pekee halali. Kifungu hicho kilikuwa kwa Kiingereza, kama Katiba yote ya zama zile, na wengi wa walioathiriwa nacho hawakupata kukiona. Saba Saba, kwa upande wake, ilieleweka na kila aliyeweza kuhesabu hadi kumi. Ndiyo maana nasema kwamba tukio la 1990 ni la historia ya Kiswahili kama lilivyo la historia ya siasa. Lugha hii ndiyo iliyowawezesha utingo wa matatu, mwashi, mwanafunzi wa chuo na muuza mitumba kuitana mahali pamoja kwa maneno mawili tu. Hata Kamukunji yenyewe imeacha kuwa uwanja. Wanafunzi wa vyuo vikuu, na siku hizi wabunge pia, husema "tuitishe kamukunji" wakimaanisha kikao chochote cha mashauriano ya pamoja. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991.

Saba Saba ya pili kubwa ilikuwa Jumatatu, Julai 7, 1997, watu walipodai marekebisho ya Katiba kabla ya uchaguzi wa mwaka ule. Polisi waliwafuata waumini na waandamanaji hadi ndani ya Kanisa la All Saints, wakampiga Kasisi Timothy Njoya, na wakaingia katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Ya tatu tunaikumbuka sote. Ilikuwa pia Jumatatu, Julai 7, 2025. Mwaka mmoja ulikuwa umepita tangu vijana walioupinga Mswada wa Fedha waingie Bungeni Juni 25, 2024. Majuma machache tu yalikuwa yamepita tangu Albert Ojwang, mwalimu, afe mikononi mwa polisi jijini Nairobi, na tangu mchuuzi wa barakoa apigwe risasi ya kichwa na afisa wa polisi katikati ya jiji, Juni 17. Barabara kuu za kuingia mjini zilifungwa tangu alfajiri. Siku iliyofuata, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilitangaza vifo 31, na hesabu hiyo ikapanda baadaye hadi 38.

Mwalimu aliyekuwa amewafundisha watoto ngonjera za Siku ya Kiswahili mwaka ule alifanya nini? Wengi hawakufanya lolote, kwa sababu wazazi waliwazuia watoto nyumbani. Waliosherehekea, walisherehekea siku nyingine, au mbali na jiji. Ninavyoona, hili si jambo la bahati mbaya la kalenda litakalopita. Yamkini litarudi tena na tena, na mwalimu atalazimika kuchagua ama kuwaambia wanafunzi kwa nini Julai 7 ina kelele nyingine nje ya lango la shule, ama kujifanya hasikii.

Najua hoja inayotolewa na wanaotaka tusisikie. Husema siasa haina nafasi darasani. Hoja hii ina udhaifu mkubwa, kwamba UNESCO haikuichagua Julai 7 kwa sababu mshairi fulani alizaliwa siku hiyo au kamusi fulani ilitoka mtambo wa chapa. Iliichagua kwa sababu ya TANU, nayo TANU haikuwa chama cha washairi, ingawa washairi walikuwamo. Ilikuwa harakati ya watu waliodai kujitawala. Ukiiondoa siasa katika Julai 7, hubaki na siku ya Kiswahili, unabaki na siku ya kawaida ya katikati ya muhula wa pili. Haiwezekani basi kumsifu Mtanganyika wa 1954 aliyedai haki yake kwa Kiswahili, halafu tukaona haya kumtaja Mkenya wa 1990 aliyefanya jambo lilo hilo, kwa lugha ile ile, tarehe ile ile.

Nina hoja pia dhidi ya upande wa pili, na sitaificha. Wapo vijana, baadhi yao wanafunzi wangu, wanaoizungumzia Saba Saba kama sikukuu ya ushujaa isiyo na majeruhi ila wale wa risasi. Wafike Toi. Muuzaji wa hapo hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Fedha yake iko mezani kwa sura ya suruali na mabegi, na siku asiyouza ni siku asiyokula. Katika maandamano ya 2024 na 2025, wenye maduka kadhaa jijini waliporwa mali na watu ambao hawakuwa na dai lolote isipokuwa kupora. Baadhi ya wauzaji hao hao wana watoto waliokuwa barabarani wakiandamana kwa haki kabisa. Mtu anaweza kuliunga mkono dai na kuiogopa siku yake, yote mawili kwa pamoja, na sioni unafiki wowote hapo. Nimewasikia wakiyasema yote mawili katika sentensi moja, huku wakikung'uta koti na kulitundika.

Hapa nirudi kwenye isimu kidogo. Neno letu "tarehe" limetoka katika Kiarabu, ambako asili yake hubeba maana mbili: siku ya mwezi, na historia. Waswahili wa kale waliyapokea yote mawili, na kumbukumbu za watawala wa miji ya pwani ziliweza kuitwa tarehe. Baadaye tukaazima "historia" kutoka Ulaya, na "tarehe" ikabanwa mpaka ikabaki namba ya kuandika juu ya barua. Hatukupoteza neno, ila tumepoteza nusu yake. Siku hizi mtoto anaulizwa tarehe, anajibu namba, na mtihani unampa alama.

Toi ina tarehe kwa maana ile kamili. Siku chache baada ya kura ya Desemba 27, 2007, wakati matokeo yalipozua mauaji katika pande nyingi za nchi, soko hilo liliporwa na kuteketezwa. Kwa watu wa Kibera, kuchomwa kwa Toi kulikuwa zaidi ya hasara ya mali, kwa maana hapo ndipo Mnubi, Mluo, Mkikuyu, Mluhya na Mkamba walipokuwa wakiuziana kila siku bila kuulizana majina ya baba zao. Tume ya Jaji Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini kote katika ghasia zile. Wauzaji walirudi, wakasafisha majivu, wakasimamisha vijiti na mabati upya. Moto ukaja tena mwaka wa 2019. Ukaja tena usiku wa kuamkia Jumamosi, Agosti 10, 2024, ukateketeza vibanda na kuwaua watu 4. (Tazama lugha yetu ilivyo makini: usiku huo si wa Ijumaa wala si wa Jumamosi, ni wa kuamkia, yaani unatambuliwa kwa asubuhi itakayowakuta watu. Asubuhi ile iliwakuta wakitafuta mabati yao.)

Ukifungua gazeti lolote kwenye safu ya "siku kama ya leo", utapata mikataba, kuapishwa kwa marais, vita na kuzaliwa kwa wanamuziki. Agosti 10 utaikuta na ya wengine wengi. Ya Toi hutaikuta. Sababu si udogo wa jambo lenyewe, maana soko hilo huwavisha watu kutoka Kibera, Kawangware na mitaa yote ya Barabara ya Ngong, wakiwamo wahadhiri ambao hawapendi kukiri kwamba suti zao zilitoka huko. Sababu ni kwamba orodha hizo huandikwa na watu wanaorithi tarehe kutoka orodha za awali. Aliyezitunga za kwanza hakufika sokoni, na waliomfuata wanamnakili.

Serikali zetu nazo zina desturi yake katika jambo hili. Hupenda kuzibatiza siku kwa nomino kubwa kubwa: Madaraka, Jamhuri, Mashujaa. Na jina likichosha, hubatizwa upya. Oktoba 20 ilikuwa Siku ya Kenyatta mpaka Katiba ya 2010 ilipoifanya Mashujaa. Oktoba 10, iliyokuwa Siku ya Moi, imepitia Huduma na Utamaduni hata ikafika Mazingira, na simlaumu mwanafunzi wa darasa la sita anayekosea. Saba Saba haijabatizwa na serikali yoyote ya Kenya, wala haimo katika orodha ya sikukuu zetu, lakini jina lake halijabadilika tangu 1990. Namba haina sifa ya kumpamba mtu, kwa hivyo hakuna anayepata faida kwa kuibadilisha.

Ombi langu kwa walimu ni dogo na halihitaji fedha wala kibali. Katika juma la Siku ya Kiswahili, mbali na ngonjera, wape wanafunzi kazi ya insha ambayo haiwezi kunakiliwa kutoka kitabuni. Kila mmoja amwendee mtu mzima mmoja wa sokoni au wa mtaani kwake, amsalimu kwa adabu, anunue japo ndizi ili asimpotezee muda wa biashara bure, kisha amwombe tarehe tatu anazozikumbuka maishani na aeleze ni kwa nini. Aziandike kwa maneno ya msimulizi mwenyewe, pamoja na Sheng yake iwapo imo, na mwalimu asiipake wino mwekundu. Wa Kibera na Kawangware wana Toi. Wa Kisumu wana Kibuye, wa Mombasa wana Kongowea. Insha zikirudi, zipangwe kwa mwezi na siku na kubandikwa ukutani, kuanzia Januari hadi Desemba, Julai 7 ikiwa imeandikwa yote iliyo nayo: 1954, 1990, 1997, 2000, 2025, na lolote ambalo mama fulani wa viatu atakuwa amelitaja ambalo sisi sote hatukulijua.

Naamini kuna mwalimu atakayeogopa afisa wa elimu akija na kuukuta ukuta huo. Amwambie ni kazi ya msamiati, mada ya neno "tarehe".